Pofu Si Kipofu: Somo la Maji Kutoka Mbuga za Masasi

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi mnaosomea ualimu wa sayansi, fungueni kitabu chochote cha baiolojia kwenye mada ya udhibiti wa joto na maji mwilini. Mtamkuta ngamia. Mkikosa ngamia mtamkuta dubu wa barafuni. Hao ni wanyama halali kabisa, na sayansi yao ni ya kweli. Ila mwanafunzi wa Masasi hajawahi kumwona ngamia, na dubu wa barafuni hatamwona kamwe. Matokeo yake anakariri: nundu, mafuta, kwato pana, basi. Mtihani ukipita na ngamia naye kapita.

Mwaka huu nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika shule moja ya sekondari wilayani Masasi. Nyumbani kwetu ni Newala, kwa hiyo sikuwa mgeni. Nikawauliza wanafunzi wa kidato cha tatu: ni mnyama gani mkubwa mnayemjua anayeweza kukaa siku nyingi bila kunywa maji? Kimya. Nikawaambia ni pofu. Darasa zima likacheka, na kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa kama haoni, maji atayapataje?"

Swali lilikuwa la utani, lakini limenifanya niandike makala haya. Pofu si kipofu. Ni swala mkubwa anayepatikana katika mkoa wetu wa Mtwara, na mwili wake umejibu swali ambalo watu wa uwanda wa Wamakonde wamehangaika nalo vizazi na vizazi: utaishije mahali pasipo na maji? Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo mwili wake hauwezi kulijibu. Hilo nitalifikia mwishoni, kwa sababu linatuhusu sisi.

Pofu ni mnyama gani?

Pofu, ambaye kwenye kamusi utamkuta pia kwa jina la mbunju, yuko katika familia moja na ng'ombe, mbuzi na swala wote. Ndugu zake wa karibu zaidi ni tandala na pongo, wale wenye pembe zilizosokotwa. Pongo anajulikana sana kwetu, kwa hiyo ukitaka kumweleza mwanafunzi, anzia hapo: chukua pongo, mkuze mara kumi, mpe nundu begani kama ng'ombe wa kienyeji, kisha ning'iniza ngozi chini ya koo lake. Umempata pofu.

Kwa ukubwa si mchezo. Dume lililokomaa huwa na kilo 500 hadi 600 hivi, na yapo yanayopita 800. Majike ni madogo kidogo. Anashindana na ndugu yake wa Afrika Magharibi na Kati kwa cheo cha swala mkubwa kuliko wote duniani. Rangi yake ni ya kahawia hafifu, lakini dume likizeeka nywele hupungua, ngozi nyeusi ya chini ikaanza kuonekana, na mnyama akawa wa kijivu kama amepakwa majivu. Jike na dume wote wana pembe. Za jike ni nyembamba na mara nyingi ndefu zaidi. Za dume ni nene, kwa ajili ya kusukumana. Pofu huzitumia pia kuvunjia matawi ya juu ili majani yashuke mdomoni.

Siyo mkimbiaji hodari. Akifukuzwa kwa kasi huchoka mapema kuliko swala wengine wengi. Lakini ana mambo mawili ya kushangaza kwa mnyama mwenye uzito wa fahali. La kwanza, anaweza kutembea kwa mwendo wa mchakamchaka kwa muda mrefu bila kupumzika. La pili, anaweza kuruka zaidi ya mita mbili kwenda juu. Fahali wa kilo 500 anayeruka uzio unaokuzidi kimo!

Kwetu yuko wapi?

Tusidanganyane: juu Newala hayupo. Uwanda wa Wamakonde ni vichaka vizito, mikorosho, mihogo na vijiji vilivyosogeleana. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, ndipo unaona bonde la Ruvuma limetandazwa chini na ng'ambo yake Msumbiji. Nchi ya pofu ni kule bondeni na magharibi: misitu ya miombo yenye nafasi, iliyochanganyika na mbuga za nyasi, kuanzia Masasi kwenda Nanyumbu.

Huko kuna mapori mawili ya akiba. Msanjesi lina kilomita za mraba 210 hivi. Lukwika-Lumesule lina kama 444 na linapakana na mto Ruvuma. Ndani ya Lukwika-Lumesule wamo tembo, simba, chui, viboko na mamba, na katika jamii ya swala wamo palahala, tandala na huyu pofu wetu. Ng'ambo ya mto iko hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, yenye kilomita za mraba zipatazo 42,000. Mpaka wa nchi hizi mbili umechorwa majini. Wanyama hawaujui, na kiangazi mto ukipungua wanaovuka wanavuka.

Hesabu ya maji

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Kwa nini mnyama wa damu moto hupoteza maji? Sababu kubwa ni joto. Jua likiwaka, mwili wako unajitahidi ubaki kwenye nyuzi 37. Ili joto litoke unatoa jasho, jasho linageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Mfumo ni mzuri sana, ila unalipiwa kwa maji. Ng'ombe naye analipa hivyohivyo, ndo maana mfugaji hawezi kukaa mbali na lambo.

Pofu anafanya kitu tofauti: anakubali kupata joto. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa fiziolojia C. Richard Taylor alifanya majaribio nchini Kenya na pofu waliokuwa wakitunzwa, akiwapima katika joto kali na uhaba wa maji. Aligundua kwamba mchana pofu huliacha joto la mwili wake lipande, tofauti ya asubuhi na alasiri ikafika hata nyuzi 7 za Selsiasi. Mimi na wewe tukipandishwa nyuzi 4 tu tuko wodini. Pofu anaendelea kucheua.

Faida yake ni nini? Hapa ndipo nilipowapa wanafunzi chaki, na hesabu ni nyepesi. Chukua pofu wa kilo 500. Ili kupandisha kilo moja ya mwili kwa nyuzi moja unahitaji kilojuli 3.5 hivi. Kwa nyuzi 7:

500 × 7 × 3.5 = kilojuli 12,250.

Hilo ndilo joto alilolihifadhi mwilini bila kulitoa. Angelitoa kwa jasho, kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke ingeondoka na kilojuli 2,400 hivi. Gawa: 12,250 kwa 2,400 unapata lita 5 na ushee. Kwa hiyo kila siku ya jua kali pofu anaokoa lita 5 za maji kwa kutotoa jasho. Na lile joto? Anasubiri usiku. Hewa ikipoa, joto lenyewe linatoka mwilini kwenda hewani bure, bila hata tone moja. Wala haihitaji nundu ya mafuta. Ukubwa wa mwili wenyewe ndio ghala: mwili mkubwa unapata joto polepole. Swala mdogo kama paa angejaribu mtindo huo angeiva kabla ya adhuhuri.

Nikawauliza darasani: lita 5 ni nini? Binti mmoja akajibu bila kufikiri: "Robo ndoo." Ndiyo. Anayejua ndoo ya lita 20 anajua robo ndoo ni nini kichwani pa mtu anayepanda mlima. Hapo darasa likanyamaza kwa namna nyingine, na nikajua somo limeingia.

Anakunywa wapi basi?

Kuokoa maji ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni kuyapata, na pofu anayapata kwa kula. Majani mabichi ya miti ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Mvua ikinyesha pofu anakula nyasi kama kawaida, nyasi zikiwa changa na laini. Kiangazi zikikauka anaziacha, anahamia kwenye majani ya miti, vichaka na matunda pori. Nyumbu hawezi kufanya hivyo, amefungwa kwenye nyasi, ndo maana anafuata maji. Pofu ana menyu mbili.

Na miombo yetu inamsaidia kwa jambo ambalo sote tumeliona bila kulitilia maanani. Miti mingi ya miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua, mnamo Septemba na Oktoba, wakati ardhi imekauka kabisa. Ndiyo yale majani mekundu-mekundu unayoyaona ukisafiri kwa basi kutoka Masasi kwenda Tunduru. Wewe unapiga picha, pofu anaona chakula na maji kwa pamoja, katika mwezi mgumu kuliko yote.

Ongeza na tabia. Mchana wa jua kali anakaa kivulini, analala chini, anacheua. Anakula alfajiri, jioni, na usiku pia. Maji yakiwepo anakunywa vizuri tu, tusije tukasema hanywi kabisa. Tofauti ni kwamba asipoyapata hafi.

Wanaosoma historia watanielewa nikisema kwamba watu wa uwanda wetu nao walichagua kuishi mbali na maji. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika juu ya watu walioishi juu uwandani huku maji yakiwa chini kabisa mabondeni. Mchanga wa uwanda haushiki mvua, unaimeza. Lakini juu kulikuwa na usalama dhidi ya wavamizi, na wazee waliamini mabonde yana maradhi. Bibi yangu mzaa mama, ambaye alishuka na kupanda na mtungi tangu akiwa msichana, nilipomweleza habari za pofu alisema tu, "Huyo alikuwa na akili, mjukuu wangu. Sisi tulikuwa na shingo."

Magoti yanayozungumza

Kuna jambo jingine ambalo nawahakikishia litawaamsha hata wanaosinzia kipindi cha saa nane mchana. Dume la pofu likitembea magoti yake yanalia: ta, ta, ta. Sauti hiyo inasikika hata mita mia kadhaa. Watafiti waliofanya kazi Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 walionyesha kwamba mlio huo ni ujumbe. Inaaminika kwamba kano ya mguu wa mbele huteleza juu ya mfupa na kutetema, kama uzi wa gitaa. Uzi mrefu na mnene hutoa sauti nzito. Kwa hiyo kadiri dume lilivyo kubwa, ndivyo mlio unavyokuwa mzito, na hakuna namna ya kudanganya.

Wakaongeza mambo mawili. Ngozi inayoning'inia kooni inaonyesha umri. Weusi wa uso na shungi la nywele za kwenye paji vinaonyesha ukali alionao dume kwa wakati huo, na shungi hilo hulichovya kwenye mkojo na tope ili linuke. Kwa hiyo dume mgeni akifika anasoma ujumbe mitatu: nina mwili gani, nina miaka mingapi, na leo niko kwenye hali gani. Akishasoma anaamua kupigana au kuondoka. Mara nyingi anaondoka, na hakuna aliyeumia. Viongozi wa serikali ya wanafunzi wakati wa kampeni mngejifunza hapo.

Majike na ndama

Mimba ya pofu ni miezi tisa hivi, kama binadamu. Anazaa ndama mmoja, ambaye wiki mbili za mwanzo hufichwa vichakani. Baada ya hapo anaingia kundini, na hapo ndipo pofu anapotofautiana na ng'ombe: ndama wanapendana wao kwa wao kuliko wanavyowang'ang'ania mama zao. Wanakaa kundi moja, wanalambana, wanalindwa na majike yaliyo karibu. Fisi akisogea, majike huungana kumfukuza kwa pembe. Maziwa ya pofu yana mafuta kwa kiasi cha mara mbili au zaidi ya yale ya ng'ombe, kwa hiyo ndama wanakua haraka.

Swali la mjasiriamali wa darasani huwa halikosi: kwa nini tusiwafuge? Limeshajaribiwa. Huko Askania-Nova, Ukraine, pofu wamekuwa wakitunzwa tangu mwaka 1892, na wamekamuliwa maziwa. Kenya nayo ilijaribu kufuga pofu katika ranchi ya Galana miaka ya 1970. Wanazoeleka. Shida ni kwamba ufugaji unataka mnyama akae mahali pamoja. Ukimfungia eneo dogo anamaliza majani, na uzio wa kawaida anauruka.

Swali ambalo mwili hauna jibu

Sasa nirudi kwenye nilichoahidi. Mbinu zote nilizoeleza zinategemea kitu kimoja: nafasi ya kuhama. Menyu mbili maana yake ni mahali pawili au zaidi. Pofu hana eneo analolilinda kama wafanyavyo swala wengine. Kundi la majike linaweza kutumia mamia ya kilomita za mraba kwa mwaka, likifuata nyasi changa msimu huu na majani msimu ule. Linganisha na takwimu za juu. Msanjesi lote ni kilomita za mraba 210. Kundi moja tu lenye mizunguko mirefu linaweza kulimaliza lote.

Maana yake ni kwamba mapori yetu mawili hayajitoshelezi. Yanakuwa hai kwa sababu ya njia zinazoyaunganisha na Niassa kusini, na kaskazini na Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Njia hizo ndizo shoroba: ushoroba wa Selous–Niassa unaopita Namtumbo na Tunduru, na ule wa Selous–Masasi unaoshuka kupitia Liwale na Nachingwea hadi kwetu. Sehemu kubwa ya njia hizo iko kwenye ardhi ya vijiji. Namtumbo na Tunduru kuna jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kama Mbarang'andu na Nalika, ambako wanavijiji wenyewe wametenga maeneo. Kwingineko ni mashamba yanayofunguliwa, na siwalaumu wakulima. Mimi ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye korosho. Mkorosho ukishapandwa unakaa miongo, na mstari wa mikorosho katikati ya njia ya pofu ni mlango uliofungwa kwa miongo.

Pofu alishawahi kupigwa vibaya. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki pamoja na nyati, nyumbu na pofu. Waliinuka tena kwa sababu waliobaki walikuwa na pa kuenea. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Kimataifa pofu hajaingia kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Lakini mnyama anaweza kuwepo duniani na asiwepo Masasi. Kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, pofu amechorwa na watu waliomjua vizuri. Leo ukitaka kumwona miamba ile ilipo, utamwona jiweni.

Nani atakayeamua? Ni mkutano wa kijiji, unapokaa kupanga matumizi bora ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa njia ya wanyama. Na wanaokaa kwenye mkutano huo miaka kumi ijayo ni hawa tunaowafundisha leo ngamia. Wengi hawatafika chuo. Somo la kidato cha tatu ndilo baiolojia ya mwisho watakayoisikia. Mtu atakayejua kwa nini pofu anahitaji kuhama, na anayeweza kuwaeleza wenzake kwa hesabu ya robo ndoo, atachora mstari wa shamba lake kwa namna nyingine. Asiyejua ataona pori tupu.

Kwa walimu watarajiwa

Msimwondoe ngamia, mtihani unamtaka. Anzeni na pofu, kisha mwelezeni ngamia kama mfano wa pili. Maswali haya niliyatumia, yanafaa kwa makundi ya wanafunzi watano watano:

1. Kokotoa maji anayookoa pofu jike wa kilo 400 joto la mwili wake likipanda kwa nyuzi 5. Kisha eleza kwa nini mbuzi hawezi kuiga mbinu hiyo.

2. Taja mimea mitatu ya kijijini kwenu inayobaki na majani mabichi mwezi Oktoba. Ni mnyama gani wa kufugwa anayeila?

3. Chora ramani ya kijiji chenu. Weka mashamba, maji na pori. Ungekuwa pofu, ungepita wapi?

Swali la tatu ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Kundi moja lilibishana hadi kengele ikalia, kwa sababu njia pekee iliyobaki kwenye ramani yao ilipita katikati ya shamba la baba wa mmoja wao. Sikuwapa jibu. Niliwaambia waende nayo nyumbani.